Mama, Mtungi Ulikuwa Mwepesi

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo peke yake linaniuma, maana wewe hukuwahi kuacha shikamoo ya mtu ipotee bure. Hata mtoto mchanga akiletwa mgongoni kwa mama yake ulikuwa unamwahi, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha unacheka mwenyewe. Sasa naandika shikamoo kwenye karatasi, naitazama, nasubiri. Basi. Nimekusalimia, adabu nimeitimiza, tuendelee.

Niko Mikumi, nyuma ya kibanda changu cha chakula. Wateja wa mchana wameondoka, madereva wamelala kwenye vivuli vya malori yao, vyombo vimeoshwa, na mimi nimekaa. Nataka ulijue hilo mapema: nimekaa, mchana kweupe, mikononi sina kitu zaidi ya kalamu, na wala sioni haya. Ungekuwepo ungeshanitafutia mchele wa kuchambua.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira. Nimekuwa nayo tangu tukuzike, na watu wote wa kufokewa nimeshawafokea. Umebaki wewe.

Unajua walivyokusifu? Katekista alisimama pembeni ya kaburi akasema marehemu Felista amekufa kifo cha mwanamke wa Vidunda, mauti yamemkuta na mzigo kichwani. Akina mama wa jumuiya wakaguna, ule mguno wa kukubali. Mjomba Kasto, kaka yako, akaongeza kwamba wanawake wa aina yako wamekwisha, waliobaki ni wa kubonyeza vitufe. Alipofika kwenye vitufe akanitazama mimi.

Mama, hukuwa na mzigo kichwani. Kuni zilikuwa zimetawanyika mteremko mzima, na wewe ulikuwa chini kwenye matope ya masika, nyonga imevunjika, unaita na hakuna anayesikia, mpaka watoto wa shule walipopita. Ukalala hospitalini bondeni wiki baada ya wiki, ukawa unanong'ona, "Skola, wakikuuliza sema niliteleza. Usiseme nilichoka." Nikasema uliteleza. Kila aliyekuja na chupa ya uji nilimwambia uliteleza. Nilikutii ukiwa hai. Lakini barua hii ni yangu, na humu nitasema.

Ulichoka. Ulikuwa umechoka tangu mimi sijaanza shule.

Wakati nakua, kwetu mwanamke alipimwa kwa masikio. Hakuna aliyeingia jikoni kwako kukukagua. Watu walilala vitandani mwao alfajiri wakasikiliza kinu cha nani kimeanza, na cha nani kimechelewa. Kinu kikikaa kimya, majirani walikuja kuuliza nani anaumwa. Na kama hakuna anayeumwa, basi siku hiyo jina lako lilifika mtoni kabla yako.

Mama Mkubwa Leonsia, dada yako, alikuwa bingwa wa mambo hayo. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu, maana kwetu dada hujenga pamoja kwenye ardhi ya mama yao. Yeye aliamka kabla ya jogoo wa kwanza, akatwanga huku anaimba nyimbo za kanisani, na sauti yake wala haikutetemeka mchi ulipotua. Akimaliza, alikuwa anasimama kwenye ua na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Felista, umeamka salama?" Lilikuwa swali la salamu, lakini wote tulijua anachouliza.

Na wewe ulikuwa na ule mgongo. Tangu uzazi wako wa mwisho, ukiinua mchi kidogo tu ilibidi ushike ukuta. Nakumbuka ulivyokuwa unasimama hapo, umefumba macho, mdomo umebana, halafu unaniambia ni vumbi limekuingia.

Basi ukanituma mashineni. Mashine ya kusaga ilikuwa bondeni, Kidodi, na wanawake waliopeleka mahindi huko walisemwa kuwa wameolewa na mashine. Ukawa unaweka mahindi chini ya kapu, ndizi juu, na kunifundisha maneno: "Ukimkuta Mama Mkubwa njiani, msalimie kwa adabu, na usisimame." Jioni nilipanda na unga ndani ya ndoo, majani ya maboga yamefunika. Nilijiona jasusi. Nilifurahia kweli, sitakudanganya. Watoto wengine walitumwa chumvi, mimi nilitumwa siri.

Kesho yake alfajiri ulitwanga pumba.

Hii sijawahi kumwambia mtu maishani, hata mume wangu. Ulikuwa na pumba kwenye kikapu chini ya kitanda. Kinu kitupu kinagonga vibaya, mtu yeyote anakitambua, kwa hiyo ulimimina pumba zile ndani, ukazinyunyizia maji kidogo, ukatwanga: du, du, du. Unga wa kweli ungekuchukua asubuhi nzima. Pumba zilihitaji muda wa Mama Mkubwa kusikia tu. Ukimaliza unazianika nyuma ya nyumba na kuzirudisha kwenye kikapu, mpaka zikawa vumbi na ukatafuta nyingine. Siku moja nilikuuliza tunatwanga nini, ukaniambia, "Unga tunakula sisi. Hizi ni za Mama Mkubwa wako." Tukacheka mpaka ukashika mgongo.

Lakini jasho lako lilikuwa la kweli, Mama. Hilo ndilo ninalolifikiria sasa nikikaa hapa. Ulitwanga pumba na ukalowa jasho, na mgongo ukauma vilevile. Mashine ilikuwa imeshakupunguzia kazi, halafu ukajitengenezea nyingine isiyo na faida yoyote, ili mtu wa upande wa pili wa ua asikuite mvivu. Nikisikia wazee redioni wanalalamika kwamba mashine zimeleta uvivu, nakuona wewe na kinu chako cha pumba, natamani kuizima redio kwa mchi.

Halafu ukageuka, ukawa miongoni mwao. Hapo ndipo uliponichanganya. Nilipokuja Mikumi nikaanza kibanda, nikanunua jiko la gesi, brenda, na baadaye mashine ya kufulia, wewe ndiye uliyekuwa unanisema kwa watu. "Skola wangu siku hizi hata nguo anafuliwa na umeme," ulisema mbele ya wanajumuiya, na wote wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Nilijua unachokifanya. Ulikuwa unatwanga pumba tena, safari hii kwa mdomo. Lakini nilikuwa nimesimama palepale, Mama, na iliniuma.

Nikakuletea mtungi wa gesi. Ule mdogo, wenye jiko juu yake, nikaufunga nyuma ya bodaboda kwa mipira, tukapanda nao mlima mzima huku nimeukumbatia. Ukanipokea uani, majirani wanatazama, ukashika kiuno: "Mnaona? Anataka mama yake awe mvivu kama yeye." Ukauingiza ndani, ukaufunika kitambaa cha kufuma, juu yake ukaweka sanamu ya Mama Maria. Kila nilipokuja nilimkuta Mama Maria yuko pale pale juu ya jiko, na nje kuni zinafuka moshi. Ulisema gesi inanuka. Ulisema ugali wa gesi hauivi, unapata joto tu. Mimi mwenye kupika ugali wa gesi kwa madereva kutoka Zambia mpaka Dar es Salaam, unaniambia hauivi! Nikajiambia, mwache mama na kuni zake.

Siku ya pili ya msiba tulihitaji nafasi ya wageni kulala. Nikamtoa Mama Maria, nikakunja kitambaa, nikainama kuinua mtungi, nimejiandaa kwa uzito wake. Nusura nianguke chali. Ulikuwa mwepesi.

Nikautikisa. Hakuna kitu. Nikaangalia jiko, nikaona chai iliyochemka ikamwagika na kuungua pembeni, mahali ambapo kitambaa hakikufika. Na nyuma, kwenye kopo la majani ya chai, vijiti vya kiberiti vilivyoungua, umevikusanya kwa utaratibu kana kwamba vingekusema kwa jirani. Nilikaa sakafuni nikacheka, dada wa jumuiya akaja mbio akidhani nimepagawa na kilio.

Uliitumia mpaka ikakata. Nakuona kabisa: umefunga mlango, Mama Maria umemlaza kitandani, unapika chai yako taratibu, na nje umewasha vijiti viwili vitatu ili moshi uonekane. Nakupongeza. Sijui kama nimewahi kukupenda kuliko pale sakafuni.

Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu nilielewa lililofuata. Gesi iliisha, na hukuweza kuniambia. Kusema imeisha ni kukiri kwamba ulikuwa unaitumia. Nilikupigia simu kila Jumapili, Mama. Uliniuliza habari za wateja, za mvua, za mjukuu wako Tumaini. Neno moja tu lilitosha. "Imeisha." Ningeupandisha mtungi mwingine siku hiyohiyo, usiku, kwa mgongo wangu. Hukulisema. Mvua zikaanza, mteremko ukawa tope, na wewe ukachukua kamba na panga ukaenda kutafuta kuni.

Gesi haikukufanya mvivu. Iliyokuua ni hofu ya kuitwa mvivu. Nimeyaandika, na kama yangekuwa na sauti yangesikika Vidunda nzima.

Sasa nikueleze ya siku ya kumaliza msiba, maana hukuwepo, na watakuja kukusimulia huko uliko kila mmoja kwa upande wake.

Misa ilikwenda vizuri. Kisha ukoo ukakaa uani kwako kutafuta wa kurithi jina. Unajua jinsi ilivyo: msiba hauishi mpaka mtu apewe jina la marehemu, aitwe hivyo tangu siku ile, na jina kwetu linakwenda pamoja na nyumba na shamba la migomba lililo nyuma yake. Mimi ndiye binti yako pekee. Nililitaka jina hilo, Mama. Nilitaka watoto wa ukoo waniite Felista, nilale kwenye chumba chako, migomba isije ikauzwa na watu wasioijua. Nalitaka mpaka sasa.

Mjomba Kasto aliongoza kikao, kama mjomba. Alifika kwa bodaboda mpaka mlangoni, kwenye mlima ambao babu aliupanda kwa miguu na gunia la chumvi begani. Kikao chenyewe alikiita kwa kundi la ukoo kwenye simu. Shamba lake hapalilii siku hizi, anapuliza dawa ya magugu, na miti anaangusha kwa msumeno wa mashine. Hakuna aliyewahi kumwita mvivu. Wanasema Kasto ana maendeleo. Mashine ikimfaa mwanamume ni maendeleo, ikimfaa mwanamke ni uvivu. Nimetafuta sababu nyingine sijaiona.

Mchi wako ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mjomba akaunyooshea kidole. "Anayetaka jina la Felista ashike mchi wa Felista," akasema. "Chakula cha leo akitwange yeye, watu wasikie." Nilikuwa nimeshusha viroba vya sembe kutoka Mikumi, vimejaa jikoni. Wanawake waliokuwa wanapika waliacha kukoroga. Najua hawakutaka nitwange, maana wao ndio wangenipokea mchi.

Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo, Mjomba. Sitatwanga."

Hata mimi nilijishangaa. Mjomba akasema ndiyo hayo anayoyasema siku zote, mashine zimetuharibu, tunafuliwa, tunasagiwa, tunapikiwa na moto usio na jasho. Katikati ya maneno simu yake ikalia, akaizima, akaendelea. "Na huo muda wote unaoupata," akaniuliza, "unaufanyia nini?"

Alitegemea nimtajie kazi. Ningeweza. Nina kibanda, nina mtoto, nina ushirika wa akina mama. Lakini nikaona nikianza kuhesabu kazi zangu mbele yake nitakuwa nimeshika mchi huohuo, namtwangia pumba zangu na yeye anasikiliza. Nikamwambia, "Nakaa."

"Unakaa?"

"Nakaa, Mjomba. Kazi ikiisha nakaa kwenye kiti natazama barabara."

Mtu akacheka jikoni, akajiziba mdomo. Sijuti. Nimekuwa mtu mzima nikiamini kwamba muda ambao mashine inanipa ni deni, lazima niurudishe kwa kazi nyingine, nisije nikaonekana sifanyi kitu. Nani alisema? Mama, katika maisha yangu yote sikuwahi kukuona umekaa bila kitu mikononi. Hata ulipokuwa na homa ulikuwa unasuka ukili. Nilidhani wewe huwezi kukaa. Kumbe uliweza, ila mlango ukiwa umefungwa.

Sisemi mashine hazina makosa yao. Tumaini ananitumia ujumbe kutoka chumbani kuniuliza chai iko wapi, wakati sauti yake ingenifikia bila simu. Mimi mwenyewe nimenenepa, na namba za simu za watu sikumbuki hata moja. Siku ile mlima ulinikatisha pumzi mara kadhaa kabla sijapata bodaboda. Sawa. Hayo nayakubali na nitatembea zaidi. Lakini hayo ni ya kwangu na Tumaini, tutayamaliza nyumbani. Hayakumvunja mtu nyonga.

Mjomba akasema basi, kama ni hivyo, marehemu mwenyewe angenikataa. Alikuwa na gesi ndani, akasema, na hakuigusa mpaka anakufa. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa nimeapa kukufichia, Mama, nilikuwa nimeapa. Nikaingia ndani nikatoka na mtungi kwa mkono mmoja, nikauweka mbele ya Mama Mkubwa Leonsia. Sikumpelekea Mjomba, maana hajui uzito wa mtungi wala wa kuni. Nikasema, "Mama Mkubwa, unyanyue."

Aliutazama. Amezeeka, Mama, mikono yake imebaki mishipa tu. Akaushika mshikio akauinua, ukaja mwepesi, akabaki nao hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Nikawaambia wote. Kwamba uliitumia mpaka ikaisha, kwamba ulimlaza Mama Maria kitandani, kwamba uliona aibu kuniambia, na ndiyo maana ulikuwa mteremkoni siku ile. Nikataja na pumba. Sikukusudia, yalitoka yote kwa pamoja, na kufikia hapo nilikuwa nalia kwa sauti mbaya.

Mama Mkubwa akauweka mtungi chini. "Nilijua za pumba," akasema. "Tangu wewe mdogo. Mimi si kiziwi. Mahindi yana mlio wake na pumba zina mlio wake."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mtoto hamuulizi mama yake mkubwa namna ile, lakini nilimuuliza.

"Ningesema angeacha," akasema. "Na mimi ningebaki natwanga peke yangu."

Sijui umeyapokeaje hayo. Mimi bado sijayamaliza. Miaka yote ile, Mama, unamtwangia yeye pumba, na yeye anajua, anatwanga mahindi yake upande wa pili ili asikie mwenzake yuko. Kama mmoja wenu angekwenda kwenye ua asubuhi moja tu akasema nimechoka! Nilitaka kumchukia. Nilijaribu njia nzima ya kurudi, nikashindwa kati ya Kidodi na Mikumi.

Kikao hakikunipa jina. Mjomba alisema limekataa kutoka, litasubiri, akafunga nyumba na kuweka ufunguo kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia lisubiri, na mimi nitasubiri, lakini mchi sitashika. Ugali wa sembe yangu walikula wote, na yeye aliongezewa.

Kabla sijashuka nilimtuma bodaboda Kidodi akabadilisha mtungi, akaurudisha umejaa. Nikauacha mlangoni kwa Mama Mkubwa, bila kitambaa, na kiberiti juu. Sikubisha hodi. Nilisikia anatembea ndani.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya nichukue kalamu. Jana mke wa katekista alinipigia simu. Anasema kinu cha Mama Mkubwa kimenyamaza. Siku ya kwanza watu walisema amelala, siku iliyofuata wakaanza kuulizana, halafu wakaenda kundi zima na uji na dawa ya malaria, katekista na kitabu chake cha sala ya wagonjwa. Wakamkuta uani, ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha juani. Wakampa pole. Wakamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akawaambia. "Nimepumzika."

Mke wa katekista anasema hawakujua wafanye nini na ule uji, ikabidi waunywe wenyewe. Mmoja akachungulia ndani akaona mtungi, akauliza kwa ile sauti yao, je, gesi ikiisha bibi mzee kama wewe utaipata wapi?

Mama Mkubwa hakugeuka hata kumtazama. Akasema, "Felista wa Mikumi ataleta."

Nilimwomba mke wa katekista arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, mpaka akaniambia salio lake linakwisha.

Ufunguo bado uko kwa Mjomba. Nitaufuata, na nitaufuata kwa adabu, na sitarudi bila huo. Lakini jina limetoka mdomoni mwa dada yako, mbele ya watu na katekista akiwepo, na sijui Kasto atalirudishaje.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi haya. Mama Mkubwa hatateremka tena kufuata kuni wakati mimi ni mzima. Mtungi wake nitaupandisha mwenyewe, mchana, uonekane na kila mwenye macho. Nikifungua nyumba yako nitalala kwenye kitanda chako mpaka jua liingie dirishani, na wakija na uji kuuliza nani anaumwa, nitawaitikia nikiwa nimelala hapohapo. Na wewe lala. Usiku wa kuamkia leo niliota umeshtuka alfajiri unatafuta mchi. Lala, Mama. Leonsia naye amelala.

Ni mimi mwanao,
Felista